Mafuta ya Samaki na Picha ya Shangazi

Neiafu, Vava'u
3 Februari 2012

Kwa Lisiate, mtoto wa kaka yangu Maka,

Salamu zikufikie wewe, Pelenaise na watoto. Hapa tuko salama kwa kadiri watu wa Neiafu wanavyoweza kuwa salama mwezi wa pili: mvua, matope, na kwaya inayofanya mazoezi ya wimbo uleule tangu Krismasi huku sauti ya pili ikizidi kuzama. Nguruwe jike amezaa tisa, akalalia wawili. Siutiti jirani bado anasema kuliko redio. Kaburi la baba yako nimelipalilia na kulimwagia mchanga mweupe kwa mkono mmoja, kwa kuwa wewe mwenye mikono miwili uko mbali.

Boksi lako limefika na meli ya Alhamisi. Nililipima uzito mkononi nikajua ni nyama ya kopo, nikamwambia Siutiti ateleke magimbi. Tukafungua. Chupa sita za mafuta ya samaki.

Lisiate, mimi nikifungua mlango wa nyuma nikarusha kiatu, kiatu kinaangukia majini. Nimekula samaki kabla sijaota meno. Nikavaa miwani kusoma maandishi madogo, kumbe samaki wenyewe ni dagaa wa Peru. Yaani dagaa amevuliwa Peru, amekamuliwa, mafuta yake yametiwa kwenye vidonge vya manjano kama macho ya paka, yamepelekwa Sydney, nawe ukayapandisha meli yaje Vava'u. Kwangu.

Halafu kikaratasi chako kinasema yataniponya. Nani kakwambia? Nilikatwa mwezi wa kumi katika hospitali ya Nuku'alofa na daktari mwenye mikono mizuri na mdomo mbaya, akanipa kidonge cha kumeza kila siku kwa miaka mitano. Nakimeza. Nakula vizuri, nalala vizuri. Sina haja ya dagaa wa watu.

Na usinipigie tena kwenye simu ya Siutiti. Kwenye simu unacheka kila unapodanganya, nami nabaki nasikiliza kicheko. Andika. Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja. Kwenye karatasi mwongo namjua.

Shangazi yako,
Ofeina

*

Mount Druitt, Sydney
11 Machi 2012

Shangazi yangu mheshimiwa,

Naweka kichwa changu chini ya miguu yako kabla sijaandika lolote. Nisamehe kwa kuchelewa. Pelenaise anakusalimu sana, na watoto wanakuombea kila jioni kabla ya kula. Yule mkubwa ameingia timu ya raga ya shule. Mimi nashukuru Mungu, kazi zinaendelea, sina muda hata wa kujikuna.

Shangazi, mafuta yale siyo mafuta tu. Ni mpango mzima unaitwa Uzima wa Bahari. Kuna semina kila Jumanne. Mkufunzi wetu ametueleza kwamba ugonjwa wako unatokana na moto ndani ya mwili, na mafuta haya yanauzima moto ule. Ametuonyesha michoro. Yapo mambo ambayo mahospitali hayapendi watu wayajue. Hata mchungaji wetu ameanza kutumia, na anaruhusu chupa ziwekwe kwenye meza ya nyuma kanisani.

Nakuomba umeze angalau chupa moja kwa imani. Utaona tofauti.

Jambo lingine dogo. Watoto wanakukumbuka na picha tuliyo nayo ni ya zamani. Tafadhali utume ya sasa, umevaa nguo ya kanisani, ukitabasamu. Ukiweza usimame karibu na maji.

Mimi mtoto wako,
Lisiate

*

Neiafu
9 Aprili 2012

Lisiate,

Pasaka imepita salama. Mahubiri yalikuwa marefu kiasi kwamba mzee wa nyuma yangu alilala, akaota, akajibu kitu kwa sauti. Tulichoma nguruwe wawili. Siutiti ameondoka kwenda kwa binti yake huko kwenu, miezi miwili, na Neiafu nzima imepata utulivu.

Picha hii hapa. Aliyeipiga ni mwalimu kijana wa shule yangu ya zamani. Nimesimama karibu na maji kama ulivyotaka, ingawa katika kisiwa hiki ni vigumu kusimama mbali nayo. Kutabasamu nimetabasamu kadiri ilivyostahili.

Sasa kuhusu huo moto wako. Nilibeba chupa moja mpaka zahanati kwa muuguzi Fusi, yule msichana niliyemchapa kwa kuandika tatu kinyume. Aliigeuza mkononi, akasoma.

"Mwalimu, nani kakupa?"

"Bingwa wa tiba Lisiate, wa Chuo Kikuu cha Jumanne."

Hakucheka, ana adabu. Akasema, "Hii siyo sumu. Dawa ya saratani nayo siyo. Wapo wanawake wanaomeza kidonge kama chako, viungo vikiwauma, wakasema mafuta ya samaki yamewapunguzia. Wapo ambao hawakuona lolote. Subiri nimwulize daktari kwanza, asije akasema yanagongana na kitu. Na usithubutu kuacha kidonge chako."

Nikamwambia sina nia. Basi akanipandisha kwenye mizani, akasema maneno yake mengine ya kiuuguzi, nikarudi nyumbani.

Mkono umevimba kidogo upande waliokata. Mkeka wa harusi ya binti wa Fusi umesimama katikati, na majani ya mkadi yananikaukia. Kwa kuwa unaniomba nimeze kwa imani, nilichukua vidonge vitano nikamwekea nguruwe kwenye chakula chake. Alinusa, akala magimbi pembeni, akaviacha vikiwa vimepangika kama kaviosha. Mnyama yule anakula mpaka kandambili.

Mkufunzi wako alisoma wapi? Nijibu hilo tu.

Ofeina

*

Mount Druitt
20 Mei 2012

Shangazi mheshimiwa,

Nimepokea picha, tunakushukuru mno. Umependeza. Samahani kwa barua fupi, mambo ni mengi.

Pelenaise ana mafua. Watoto wazima. Baridi imeanza.

Kuhusu mkufunzi nitakujibu nikipata nafasi. Nilitaka tu ujue kwamba habari zako zimemgusa mtu. Kanisani kwetu yuko mama mmoja mjane, Tokilupe, mtu wa visiwa vya Ha'apai huko kwetu, ni msafishaji katika shule. Ana ugonjwa kama wako, walimwanzia mwaka huu. Alikuwa amekata tamaa kabisa, sasa ana nguvu. Anakusalimu. Anasema wewe hujui jinsi ulivyomtia moyo.

Mtoto wako,
Lisiate

*

Neiafu
18 Juni 2012

Lisiate,

Salamu kwa Pelenaise na watoto. Kwako wewe nitazitafuta nikimaliza kuandika.

Siutiti amerudi Jumamosi. Hakwenda nyumbani kwake. Alitoka bandarini na mzigo begani moja kwa moja mpaka sokoni, maana alijua wanawake wote tuko pale, na akafika kwenye meza ninapouza mikeka akiwa anahema.

"Ofeina! Umekuwa mtu mashuhuri!"

Akatoa kipeperushi. Karatasi ya kung'aa, samaki wa kuchorwa anaruka, na katikati niko mimi. Mimi na tabasamu langu na maji nyuma. Siutiti hajawahi kunong'ona maishani. Akasoma soko zima lisikie:

"'Shangazi Ofeina wa visiwa vya Vava'u aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Akakataa kisu. Akakataa dripu. Alitumia Uzima wa Bahari peke yake, na mlo safi usio na nyama wala mayai. Leo ni mzima. Mtazame mwenyewe!'"

Wanawake wakanitazama. Wakanitazama hapa kifuani. Mama mmoja muuza mihogo, ambaye alinifulia mashuka nilipotoka Nuku'alofa na mirija bado inaning'inia, akauliza kwa upole, "Kwa hiyo, Mwalimu, lile walilokata lilikuwa la nani?"

Soko zima likacheka. Nilicheka nao, ningefanyaje.

Unajua kwa nini naonekana mzima kwenye picha ile? Kwa sababu nilikunja taulo dogo nikalishindilia ndani ya nguo ya kanisani ili watoto wako wasishtuke. Taulo, Lisiate. Unauza taulo.

Nimekuwa nikikuita mjinga tangu mwezi wa pili, na leo nataka kulirudisha neno hilo, kwa kuwa mjinga ni mtu asiyejua. Wewe ulijua. Mwezi wa kumi ulilipia kadi ya simu kuzungumza na daktari yuleyule aliyenikata. Ulilia kwenye simu. Nilikusikia.

Sasa nijibu. Huyo Tokilupe ameacha nini? Ulisema walimwanzia mwaka huu. Walimwanzia nini? Mtu hapati nguvu ghafla katikati ya dripu ya dawa ya saratani. Hata mimi ambaye sikuwekewa najua hilo. Anapata nguvu akiiacha.

Mimi ni dada ya baba yako. Kwa desturi yetu ukioa nakaa mbele, ukifa nakaa kichwani pako, na katika nyumba yako hakuna mkeka nisioweza kuuchukua. Sijawahi kutumia haki hiyo hata kuomba kuku. Leo naitumia. Nenda nyumbani kwa huyo mama. Usimpigie. Ukae chini sakafuni, umwambie ukweli wangu wote, pamoja na taulo. Kisha uniandikie alichojibu, neno kwa neno, bila sukari.

Ofeina

*

Neiafu
23 Julai 2012

Lisiate,

Wiki tano. Meli zimekuja, ndege zimekuja, mpaka watalii wa nyangumi wamekuja. Barua yako haimo.

Nimeshapata pasipoti. Ukikaa kimya mpaka mwisho wa mwezi wa nane nitakuja mwenyewe, na nitasimama kwenye kanisa lenu Jumapili asubuhi nikiwa nimevaa nguo ile ile bila taulo.

O.

*

Mount Druitt
12 Agosti 2012

Shangazi,

Nimekwenda.

Kwanza nikwambie nilichokuficha. Kwenye ghala nilikofanya kazi walinipunguza kazini mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Niliposema kazi zinaendelea hakukuwa na kazi. Nilikuwa natoka asubuhi na sanduku la chakula, nakaa kwenye maegesho ya maktaba mpaka saa tisa ili Pelenaise asijue. Hapo maegeshoni ndipo alinikuta mtu wa Uzima wa Bahari. Alivaa suti. Aliniita bwana. Sijasema haya nihurumiwe, nayasema kwa kuwa umeniuliza mkufunzi alisoma wapi. Alikuwa anauza mazulia. Sijui kama alisoma.

Maneno ya kwenye kipeperushi niliyaandika mimi. Wao waliniambia hadithi ya mtu wa kwenu inauza kuliko michoro.

Kwa Tokilupe nilikwenda Jumamosi. Binti yake alinifungulia, akafurahi kuniona, na hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Mama alikuwa kwenye kochi na mablanketi mawili, hita inawaka. Amekwisha, Shangazi. Mikono imebaki fimbo. Nikakaa sakafuni.

"Kochi lipo," akasema.

"Nimeagizwa nikae chini."

"Na nani?"

"Shangazi yangu."

Akatabasamu. "Yule wa kwenye picha! Hajambo?"

Nikasema yote kwa mara moja, maana ningepumzika ningekimbia. Kwamba ulikatwa. Kwamba huna titi la kushoto, na kwenye picha ni taulo. Kwamba unameza kidonge cha hospitali kila siku. Kwamba hukukataa kitu chochote.

Binti yake alisimama mlangoni na kikombe.

"Na mafuta?" mama akauliza.

"Hakumeza hata kimoja. Alimpa nguruwe."

"Nguruwe alipona?"

Nikainamisha macho. Akaniambia nimtazame.

"Nimeacha dripu tatu, Lisiate. Nilikuwa natapika, ulimi una ladha ya misumari, nikaona picha ya mwanamke wa kwetu amenawiri. Nikaacha nyama, nikaacha mayai, nikaacha maziwa, kwa kuwa shangazi yako aliacha. Nilikuwa nakunywa maji ya majani na mafuta yako. Nywele zikaanza kurudi. Nikamwambia huyu mtoto, unaona, mafuta yanafanya kazi."

Binti yake akaanza kulia.

"Nyamaza wewe," mama akamwambia, macho kwangu. "Ulijua nimeacha?"

"Ndiyo. Uliniambia kwenye ngazi za kanisa, mwezi wa tano."

"Ukasemaje?"

"Nikasema Mungu akubariki."

Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonyeshwa kitu kichafu na hataki hata kukishika. Akasema, "Umekuja na gari?"

Jumatatu nikampeleka hospitali. Daktari ni mwanamke mfupi, Mhindi wa Fiji. Alimpima kwapani kwa muda mrefu. Uvimbe umeingia huko. Kisha akanigeukia. "Wewe ni nani yake?"

Kabla sijajibu Tokilupe akasema, "Huyo ndiye mganga wangu."

Daktari alinitazama kuanzia viatu mpaka juu, akaandika kitu, akanipa mgongo. Alimwita mtaalamu wa lishe, kijana mwenye sauti ya chini, naye akamweleza Tokilupe kwamba mwili wake umekuwa ukila misuli yake wenyewe, kwamba hakuna mlo wala mafuta yanayoshika nafasi ya tiba, ila bila chakula chenye nguvu tiba nayo inakosa pa kusimama. Mayai, samaki mwenyewe mzima, kuku, maharage, maziwa. Kidogo kidogo, mara sita kwa siku, hata kama ulimi unakataa. Mafuta akasema yaachwe kwanza kabisa mpaka daktari aamue.

Dripu zinaanza upya wiki ijayo. Tokilupe aliuliza kama amechelewa. Daktari akasema hawezi kuahidi.

Pelenaise sasa anajua yote. Ananiwekea sahani mezani na kuondoka chumbani.

Lisiate

*

Neiafu
3 Septemba 2012

Lisiate,

Nimesoma barua yako mara tatu na kosa la maandishi sikuliona hata moja. Ndiyo mara ya kwanza tangu ujifunze kuandika. Usidhani nakusifu.

Maegesho ya maktaba. Ungeweza kuingia ndani ukasoma.

Kazi haijaisha. Kipeperushi kilisomwa na kanisa zima, kwa hiyo ukweli nao utasomwa mbele ya kanisa zima, kwa sauti yako. Mchungaji akikuzuia mwambie nilimfundisha baba yake kusoma na nilimpa alama ya chini.

Sasa nami nina la kusema, kwa kuwa huyo mama amesema ulimi una ladha ya misumari, nami nimekaa na maneno hayo siku nne.

Nilikuandikia nakula vizuri. Ulikuwa uongo. Siku ile Fusi aliponipandisha kwenye mizani aliniuliza, "Mwalimu, jana ulikula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na chai."

"Kilo nane, Mwalimu. Zimekwenda wapi?"

"Moja ilibaki Nuku'alofa kwenye ndoo."

Yeye hakucheka nami nikaona aibu. Sikuweza hata harufu ya nazi. Mimi, ambaye watu walikuwa wanavuka bandari kuja kula majani ya magimbi niliyopika kwa tui. Nilikuwa napika, nawapa watoto wa jirani, naosha sufuria, halafu nakaa kukuandikia wewe jinsi ulivyo mpumbavu. Na viungo vilikuwa vinauma hivi kwamba asubuhi nilishuka kitandani kwa magoti, na mwezi wa pili nilikaa siku kumi na moja bila kumeza kidonge. Siku kumi na moja. Mwanamke ningemsikia anafanya hivyo ningemdharau mpaka mwaka uishe.

Fusi alijua kwa kuhesabu vilivyobaki. Tangu hapo anapita kila Ijumaa na mayai ya kuku wake, anayachemsha jikoni kwangu, anasimama mpaka nimalize, kama mimi nilivyosimama juu yake na hesabu. Namtukana. Anachukua ganda na kuondoka. Nimerudisha kilo tatu.

Daktari amekubali nimeze mafuta yako, vidonge viwili kwa siku, kwa ajili ya magoti tu. Miezi miwili sasa. Goti la kulia linasema yanasaidia, la kushoto linasema ni upuuzi. Nimekwambia usije ukasikia kwa Siutiti ukachapisha kipeperushi kingine.

Ofeina

*

Mount Druitt
4 Novemba 2012

Shangazi mheshimiwa,

Watoto wanakusalimu. Pelenaise pia anakusalimu. Amesema niandike kwamba salamu zake ni zake, hazipiti kwangu.

Nilisimama kanisani Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa. Mchungaji aliniambia kwa kunong'ona, "Fanya upesi." Nilisoma kipeperushi, kisha nikasoma barua yako ya mwezi wa sita, sehemu ya soko na sehemu ya taulo. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliinuka akatoka nje na mkewe akamfuata. Baada ya ibada meza ya nyuma ilikuwa tupu, chupa zote zimeondolewa, na mchungaji akawa anasema yeye alikuwa na mashaka tangu mwanzo. Nikamwambia mbele ya watu, "Mchungaji, wewe ulinunua kumi na mbili." Sikujua kama ninaweza kusema hivyo.

Watu hawanisalimii. Siwalaumu.

Nimepata kazi kwenye ghala la samaki, ni baridi, naanza alfajiri. Kila wiki ya tatu naomba ruhusa nampeleka Tokilupe hospitali. Hakuniomba. Siku ya kwanza nilipofika aliingia kiti cha nyuma kama abiria wa teksi, na hivyo ndivyo tunavyokwenda. Haniiti kwa jina, ananiita Mganga. "Mganga, punguza mwendo." "Mganga, taa nyekundu hiyo, au nayo inatibiwa na mafuta?" Wauguzi wote wananijua kwa jina hilo.

Nampikia pia. Kijana wa lishe alinipa orodha, nikajifunza. Supu ya samaki, mayai ya kuvuruga, uji wa maziwa. Mara ya kwanza alionja kijiko kimoja akasema, "Kweli wewe umedhamiria kuniua." Wiki iliyopita alimaliza bakuli. Alinyoosha bakuli tu, nikaongeza.

Uso umejaa kidogo. Naona anapata nafuu, Shangazi. Nadhani atapona.

Mtoto wako,
Lisiate

*

Neiafu
26 Novemba 2012

Lisiate,

Tuko wazima. Harusi ya binti wa Fusi imefanyika, mkeka ulimalizwa na wanawake wengine nikiwa nawakosoa. Joto limeanza.

Tokilupe ameniandikia. Anwani aliichukua kwa Pelenaise. Imekuwa barua ya tatu sasa. Hukujua, na hakukuwa na sababu ujue. Ana mwandiko mbaya na tunaelewana.

Hajapata nafuu. Uso kujaa ni dawa nyingine waliyomwongezea. Walimpiga picha mwezi wa kumi, saratani iko kwenye ini. Siku aliyopewa majibu ulikuwa umekaa nje kwenye benchi na chupa ya supu, akatoka, ukamwuliza imekuwaje, akakwambia, "Mganga, twende." Alifanya hivyo kwa sababu, ameandika, angekwambia ungelia, naye hana nguvu ya kumbembeleza mtu aliyempotosha.

Alimwuliza daktari kama ni zile dripu tatu. Daktari akamjibu kwamba hakuna awezaye kujua, huenda ingefika huko hata asingeacha. Ameniruhusu nikwambie hivyo, na akaniomba nisikwambie kwa namna ya kukupunguzia. Kwa hiyo sikupunguzii. Utaishi bila kujua, kama yeye anavyokufa bila kujua, na katika hayo mawili la kwako ndilo jepesi.

Ataendelea na dawa mpaka sikukuu, halafu anataka kupumzika. Anataka mtu wa kukaa naye ambaye hatamwimbia wala kumwombea kwa sauti kubwa. Binti yake ni mdogo mno kwa kazi hiyo. Ameniomba mimi, nami nakuja. Fusi amenipa vidonge vya miezi mitatu na orodha ya kula, na ametaka niape mbele yake kwamba nitameza na nitakula.

Sitafikia kwako. Nitakaa kwa Tokilupe, chumba kiko tayari. Utanipokea, utabeba mizigo, utaifikisha mlangoni kwake, halafu utarudi kwa mke wako. Kesho yake utakuja na supu saa za kawaida. Ukifika utaniambia shikamoo zako zote, lakini yeye usimwulize anaendeleaje. Akitaka kukwambia atakwambia. Akikuita Mganga, uitike.

Ndege inatua Jumatano tarehe tano, saa nne asubuhi. Uwe umeshafika.

Shangazi yako,
Ofeina